Ufa Nyuma ya Jiko

Mlango wa jikoni ulianza kugoma mvua zilipokolea. Kwanza uligusa sakafu kidogo tu, pale kwenye kona, kama mtu anayeburuta mguu mmoja. Prayitno, mume wangu, alileta randa akauchonga kwa chini, akaufunga, akaufungua, akaniangalia kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi. Juma lililofuata ukagoma tena, safari hii kwa juu. Akauchonga tena.

"Mbao hunywa maji," alisema. "Jua likitoka utarudi wenyewe."

Nilisimama na sufuria ya wali mkononi nikiutazama ule mlango, na kichwani mwangu kile kitu kikaanza kusema.

Kilikuwa kinasema tangu nikiwa msichana. Watu wengine wakisikia mvua juu ya bati hupata usingizi mtamu. Mimi nilikuwa naisikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani, nikingojea lile neno litakalogeuka kipigo. Nilihofia mtungi wa gesi. Nilihofia nyoka kwenye shamba letu la salaki, maana matunda yenyewe yana maganda ya magamba na huwezi kujua umeshika kipi. Prayitno akichelewa kurudi kutoka mjini, nilikuwa nimekwisha kumzika, nimekwisha kupika chakula cha khitma, nimekwisha kugombana na ndugu zake kuhusu shamba, ndipo namsikia akikohoa uani na kuuliza kama kuna chai.

Kijijini kwetu, kwenye mteremko ule wa Jawa ya Kati ambako nyumba zimepangwa ngazi kwa ngazi kama mitungi dukani, mtu wa namna yangu hakosi jina. Mimi niliitwa Bibi Hadhari. Jina hilo lilishika mizizi mwaka mmoja kabla ya mlango kugoma. Alasiri moja ya mvua nilisikia mngurumo mrefu ukitoka upande wa kilima. Sikuuliza mtu. Nilikimbia mpaka msikitini, begani mwa kilima, nikashika mti nikalipiga lile gogo lililotobolewa, gogo la kuitia watu kwenye moto na misiba, nikalipiga mpaka viganja vikachubuka. Kijiji kizima kilitoka. Watu walibeba watoto, walibeba kuku, mzee mmoja alikuja na televisheni kifuani na suruali hana. Tukasimama pale kwenye mvua tukingoja kilima kianguke.

Kumbe lilikuwa lori lililokuwa likimwaga mawe ya barabara mpya, ng'ambo ya kilima.

Walinicheka msimu mzima. Nikienda dukani kununua mafuta, mwenye duka aliniuliza, "Bibi Hadhari, leo tulale na viatu?" Prayitno hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Siku kadhaa baadaye alisema, akiwa amenipa mgongo, "Rumini, mimi nimechoka kuishi na mtu ambaye kila siku anatoka matangani."

Ndipo alipokuja Endang, na kile kitabu.

Endang alikuwa wifi yangu, mdogo wake Prayitno, msusi wa nywele katika jiji la Semarang. Miaka ya nyuma mwanawe, Bayu, alitumbukia kwenye mtaro uliofurika. Baada ya hapo ndoa yake nayo ikavunjika. Tulipokuwa tukienda kumwona siku zile, tulimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda akijikwaruza mikono, na mama mkwe wangu alikuwa anamlisha uji kwa kijiko kama ndege. Nilijua nitamzika wifi yangu. Safari hii sikuwa peke yangu kujua hivyo. Kila mtu alijua.

Lakini huyu aliyeteremka kwenye gari akiwa na sanduku lake alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono imepona. Alicheka, na kicheko kilifika machoni. Alisema amechoka na jiji, anataka kukaa na mama. Na jioni ile ile, tulipokuwa tukichambua mboga, alinipa kitabu alichokivalisha plastiki, kama wanafunzi wanavyovalisha daftari zao.

"Hiki ndicho kilichonitoa kaburini, wifi," alisema. "Sasa ni zamu yako."

Kiliitwa *Ziwa Lisilo na Upepo*. Aliyekiandika zamani alikuwa meneja wa benki, akaacha yote. Nyuma ya kitabu palikuwa na picha yake: kavaa nguo nyeupe, yuko pekupeku juu ya majani yaliyokatwa vizuri, anatabasamu. Mama mkwe aliichukua picha akaisogeza mbali na macho, kwa vile alikuwa haoni karibu.

"Huyu hajawahi kukanyaga mwiba," alisema, akanirudishia.

Mafunzo yenyewe hayakuwa magumu. Akili ni ziwa, na mawazo ni upepo. Wazo likija, usilifuate na usilifukuze. Liite jina lake, "upepo," kisha ulitazame likipita. Endang alinikalisha kwenye mkeka barazani kila baada ya sala ya Alasiri, yeye upande huu na mimi upande ule, magoti yakikaribia kugusana. Siku za mwanzo nilikuwa kama mtu anayechunga paka. Lakini yeye hakunichoka. Wazo likinikamata na uso wangu ukajikunja, alinigusa goti kwa kidole, bila kufumbua macho yake, na kusema taratibu, "Upepo."

Na kilifanya kazi. Wanaonisikia nikikisema vibaya kile kitabu hawapendi kusikia sehemu hii, lakini kilifanya kazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaanga vitunguu nikasikia vitunguu, sikusikia moto. Nililala. Prayitno alianza kurudi mapema kutoka shambani. Jioni moja alinikuta barazani nikimenya muhogo, akakaa kando yangu bila kazi yoyote mkononi, akasema, "Nimerudishiwa mke." Dukani nako waliacha kuniuliza habari za viatu. Nilimpenda Endang siku zile kama mtu anavyompenda aliyemwopoa majini.

Kisha mlango ukagoma, na nikauambia: upepo.

Baada ya mlango ukaja ufa. Asubuhi moja nilimwaga maji ya mchele nyuma ya jiko, mahali nilipoyamwaga miaka yote. Siku zote yaliteremka kwenye kijia chake mpaka kwenye migomba. Siku hiyo hayakuteremka. Yalikwenda hatua chache, yakasimama, yakazama, kana kwamba kuna mdomo chini uliokuwa na kiu. Niliinama. Palikuwa na ufa mwembamba, mtu angeweza kuufunika kwa kidole, umetoka kwenye banda la kuku ukapita nyuma ya jiko ukapotelea kwenye mianzi.

Upepo, nilisema. Ufa ukabaki palepale.

Prayitno alikuja, akasimama ameshika kiuno. Alileta jembe, akauziba kwa udongo, akaukanyagakanyaga kwa kisigino mpaka ukatoweka.

"Ardhi ya mvua hupasuka," alisema.

"Ardhi ya kiangazi ndiyo hupasuka."

Alinitazama, na nikaona katika macho yake hofu, lakini si ya ufa. Alikuwa ananihofia mimi. Alikuwa anamwona yule mke wa zamani akichungulia mlangoni. Akanishika bega kwa upole. "Rumi. Umekuwa mzima. Usianze tena. Nenda kasome kitabu chako."

Basi nilikwenda nikakisoma. Nilikisoma toka jalada hadi jalada kama mtu anayetafuta pete ndani ya gunia la mchele. Sikuwa nakitafutia makosa. Nilitaka kitu kimoja tu: ukurasa unaoeleza namna ya kutenganisha upepo na kisicho upepo. Niliamini kwamba mtu aliyeijua akili hivyo, aliyeziona hila zake zote, hangeshindwa kufika hapo. Na kweli alifika. Karibu na mwisho aliandika: *Utaniuliza, je, kama hofu yangu ni ya kweli? Tazama vizuri. Swali hilo nalo ni upepo.* Kisha akaingia sura nyingine, iliyohusu namna ya kukaa na wenzetu wenye hofu.

Niliurudia ule mstari mara nyingi. Nilihisi kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye taa, akajibiwa kutoka ndani kwamba hakuna mtu.

Nilimpelekea Endang. Alikuwa uani akimsuka mama yake nywele, kichana kimebanwa na meno.

"Hata mimi niliuliza," alisema baada ya kukitoa kichana. "Bayu alipokufa, kila mtaro niliouona ulikuwa na mtoto ndani. Kila mtaro, wifi. Nilikuwa nashuka kwenye mabasi ya watu kwenda kuchungulia. Ningefuata kila sauti, leo nisingekuwa hapa."

"Lakini mtaro wa kwanza," nilisema, na nilijuta kabla sijamaliza, "mtaro wa kwanza ulikuwa na mtoto kweli."

Mikono yake ilisimama juu ya kichwa cha mama yake. Mama mkwe, ambaye sikio lake moja lilikuwa halisikii, aliuliza kwa nini hasuki.

"Ndiyo," Endang alisema. "Na siku hiyo sauti haikuniambia kitu. Nilikuwa namsuka mteja, nacheka. Tulikuwa tunamsengenya mumewe." Akaendelea kusuka. "Ndiyo maana siiheshimu. Ilikuwa wapi siku ambayo nilikuwa naihitaji?"

Nilikichukua kitabu nikarudi jikoni.

Baada ya hapo ilinyesha mvua ambayo wazee walisema haikuwa na adabu, maana haikupumzika hata wakati wa kula. Ufa ulirudi, na huu wa pili haukufunikika kwa kidole. Mianzi iliyokuwa imesimama wima nyuma ya banda ilianza kuinama kuelekea nyumba, kama watu wanaotaka kusikiliza mazungumzo ya ndani. Kuku hawakuingia bandani jioni. Walilala juu ya mti wa karafuu, wamelowa, wakitutazama. Nilikaa kwenye mkeka na Endang. Upepo. Upepo. Kwa nje nilikuwa mtulivu kabisa, na Prayitno akala wali wake kwa furaha. Ndani, juu ya ile hofu, sasa palikuwa na kitu kipya, aibu ya kuwa nayo.

Siku yenyewe Prayitno aliondoka alfajiri kupeleka salaki mjini kabla barabara haijafungwa. Mchana nilikwenda na ndoo kwenye bomba la mwanzi linaloleta maji kutoka kwenye chemchemi. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Niliyaacha yatiririke nikidhani yatasafika. Yakawa mazito zaidi, yakatoa kokoto ndogo, yakakohoa. Kisha yakakatika. Nilisimama pale, mvua inanipiga mgongoni, migomba yote inatiririka, njia imekuwa mto, na bomba la chemchemi halina hata tone.

Kichwani mwangu sauti haikupiga kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Ilisema kwa utaratibu, kama mtu anayekuomba umpishe njia: *ondokeni*.

Nilirudi ndani nikamwambia mama mkwe kwamba mama yangu mzazi amezidiwa na anataka kumwona.

"Amezidiwa na nini?"

"Kifua."

"Na mimi nikinyeshewa nitakuwa na nini?" Alijifunga shuka yake ya batiki hata hivyo, kwa kuwa alimpenda mama yangu. "Kama nitakufa, nataka kufa kitandani kwangu, si kwenye mkeka wa watu. Haya, inama."

Nilimbeba mgongoni, nikamfunga kwa kitenge kama mtoto. Endang alikuwa jikoni akikuna nazi. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake mgongoni, na nikaona ameelewa kila kitu. Mama yangu alikuwa ametupigia simu jana yake tu akilalamikia bei ya pilipili.

"Chemchemi imekauka," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Wifi."

"Twende. Tukae msikitini mpaka magharibi tu. Kisha tutarudi, na wewe utanicheka."

Aliweka kifuu chini. Alinijia, akanishika uso kwa mikono yake miwili iliyonuka tui, akaniegemeza paji lake kwenye paji langu. "Mpeleke mama, kama moyo wako unataka. Mimi nitapika. Mtarudi mkute chakula kiko tayari."

"Njoo kwa ajili yangu basi. Si kwa ajili ya kilima."

"Kwa ajili yako ndiyo nabaki," alisema. "Nikikufuata, nitakuwa nimeilisha hofu yako, na kesho itarudi ina njaa zaidi. Mtu mmoja lazima abaki ameketi, Rumini. Ndivyo nilivyopona mimi."

Hayo yalikuwa maneno ya kitabuni, ile sura ya kukaa na wenzetu wenye hofu. Nilikuwa nimeyasoma. Yalikuwa yamepigiwa mstari kwa kalamu yake.

Nilimvuta mkono. Hakuuvuta nyuma, aliuacha tu ulegee mkononi mwangu, mwepesi, mpaka mimi mwenyewe nikauachia. Mama mkwe alikuwa akiniambia sikioni kwamba mgonjwa hangojeshwi hivi.

Njiani niliita kwenye kila nyumba ya safu yetu. Walikuwa barazani wanakunywa chai. "Bibi Hadhari," mmoja alisema, "leo lori limeleta mawe au kokoto?" Mkewe akamgombeza, lakini hata yeye alikuwa anacheka. Niliendelea kupanda. Nilipofika msikitini nilimweka mama mkwe ukutani, nikauchukua mti, nikalipiga lile gogo.

Walikuja wachache. Wengine walikuja kwa hasira. Yule mwenye duka alipanda akiwa na mwavuli ili aje aninyang'anye mti mkononi. Wengine walikuja kuniangalia, maana burudani ya mvua ni haba. Mama mmoja alileta wanawe wote waje waone kichaa. Walikuwa bado wanapanda, wakinitania, mmoja anauliza kama nataka aje na televisheni, wakati kilima kilipotoa sauti.

Haikuwa kama ya lori. Ilikuwa kama mtu mzito sana amevuta pumzi. Miti ya juu ilishuka ikiwa bado imesimama, safu nzima ya miti, wima, ikitembea kama waumini wanaosogea kujaza nafasi kwenye safu ya mbele. Kisha ikalala. Udongo ukaja nyuma yake. Niliona paa letu likigeuka taratibu, likituonyesha upande wake wa ndani, na halikuonekana tena. Yote yalikuwa mafupi kuliko kusoma Fatiha.

Waliokuja kunicheka ndio waliopona.

Na hapo, nikiwa nimesimama na ule mti mkononi, kichwa changu kilinyamaza. Hakukuwa na wazo hata moja. Hapakuwa na upepo wala wimbi. Nilisikia matone yakidondoka kwenye ukingo wa paa la msikiti, nikasikia mtoto akiuliza nyumba yao iko wapi, na havikunigusa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka miezi nikiutafuta utulivu huo, na sasa niliufahamu mara tu ulipofika. Ulikuwa wa kutisha kuliko kelele yoyote niliyowahi kuisikia. Mama mkwe, aliyekuwa haoni mbali kwa sababu ya mvua, alinivuta nguo.

"Vipi? Mbona tumesimama? Mama yako yuko wapi?"

Prayitno alifika kesho yake akitembea kwa miguu, kwa kuwa barabara ilikuwa imekwenda na daraja lake. Alichimba pamoja na wanajeshi na wanakijiji, na walipomwambia apumzike hakuwasikia. Endang alipatikana, tukamzika. Watu wengi wa safu yetu hawakupatikana, kwa hiyo tulihesabiwa kuwa wenye bahati. Hatukuzungumza juu ya mlango, wala ufa, wala jembe. Mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye darasa la shule tulilopewa kulala, alisema, "Uliniambia." Nilimjibu kwamba nilimwambia mambo mengi, miaka mingi, na karibu yote yalikuwa ya uongo. Akageukia ukuta.

Katika shule hiyo watu wa misaada walileta blanketi, tambi na sabuni, na baada ya wiki kadhaa wakaleta vijana wa kututibu mioyo. Aliyepewa darasa letu alikuwa binti mwembamba anayeitwa Nindya, mpole, mwenye viatu vilivyojaa matope. Alifungua boksi akatugawia vitabu. Vilikuwa vipya, vinanukia wino. Yule mtu wa majani yaliyokatwa alitutabasamia kutoka kwenye kila paja.

"Tufumbe macho," Nindya alisema. "Tusikilize kelele za akili zetu bila kuzifuata."

Wanawake walifumba. Walikuwa na adabu. Mama mkwe hakufumba.

"Mwambieni huyu binti," alisema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "kichwa changu mimi hakina kelele. Kina mwanangu."

Nindya alishika kitabu chake kwa mikono miwili, masikio yamemwiva. Nilimwonea huruma, nikasogea karibu naye ili nimuulize bila kumwaibisha.

"Mwanangu, humu kuna mahali panaposema lini mtu akimbie?"

Alikifungua. Alitafuta kwa dhati, akifuata mistari kwa kidole, akageuza karatasi mbele na nyuma. Nilimwona akiufikia ule mstari, akausoma, akasita. Midomo yake ilijaribu kuutamka kisha ikaacha.

"Sijui, mama," alisema mwishowe. "Mimi nilikisoma wakati wa mitihani. Nilikuwa nikitapika kila asubuhi. Kilinisaidia sana."

"Najua," nilisema. "Hata mimi kilinisaidia."

Nilimrudishia nakala yangu, akaipokea.

Serikali ilitujengea nyumba mahali pengine, chini, kwenye ardhi iliyo tambarare karibu na mashamba ya mpunga. Wanaoelewa mambo hayo walikuja na vyombo vyao, wakapima, wakasema mahali ni salama. Lakini kilima kipo. Kiko ng'ambo ya mashamba, kijani kizuri, na jeraha lake jekundu limeanza kuota majani. Mama mkwe alifia huko tambarare, kitandani kwake mwenyewe. Prayitno ameanza kuzeeka. Mvua ikinyesha mchana, hutoka akazunguka nyumba, akirudi hunitazama usoni kabla hajaketi. Haniulizi kitu. Hunitazama tu, kama mtu anavyoangalia saa.

Sasa hakuna anayeniita Bibi Hadhari. Naitwa Mama Rumini, hata na wanaonizidi umri. Kama angekuwepo Endang, labda ningekaa naye kwenye mkeka, na angenigusa goti. Sijawahi kuacha kulisikia lile neno kwa sauti yake. Lakini sauti nyingine nayo haikuondoka. Ule utulivu wa msikitini ulidumu siku chache, kisha kelele zikarejea zote, kubwa na ndogo, za gesi na za nyoka na za kilima, na zote huzungumza kwa sauti moja, ile ya utaratibu, ya kuomba njia. Siwezi kuitofautisha hii na ile. Nimejaribu.

Januari iliyopita ilinyesha tena bila kupumzika. Baada ya Adhuhuri nilifungua mlango ili nimwage maji nikawakuta wamesimama uani. Yule mwenye duka alikuwa mbele na mwavuli wake. Nyuma yake walikuwa jirani zangu, karibu wote, na watu wa safu ya pili, na wengine nisiowafahamu waliohamia juzi. Wamebeba watoto. Wamefunga nguo kwenye mashuka. Hakuna aliyecheka. Maji yaliteremka kwenye miavuli yao, na wote walikuwa wananitazama usoni.

"Mama Rumini," mwenye duka alisema kwa adabu. "Unasemaje leo?"

Nilisikiliza. Kichwa changu kilikuwa kinasema, *ondokeni*. Kilisema hivyo jana pia, na juzi, na hata kiangazi, jua likiwaka.

Nyuma yangu nilimsikia Prayitno akivaa viatu.

Nilichukua mtandio kwenye msumari, nikajifunga kichwa. "Twendeni," nikasema, nikateremka ngazi, nikapita katikati yao kuishika njia, na wote wakanifuata.